Namba Moja Mgongoni mwa Takuto

Kama kuna mtu mjini Orikawa aliyestahili kufurahi mwaka ule, ni Tsukuda Norimichi, fundi mikeka. Kila aliyekutana naye alimwambia hivyo. Muuza tofu alimwambia, karani wa posta alimwambia, hata daktari wa meno alimwambia huku vidole vyake viwili vimo kinywani mwa Norimichi, asiweze kujibu. "Baba Takuto, una bahati bwana! Mwanao akirusha mpira hauonekani!" Naye huinamisha kichwa mara mbili, mara tatu, na kusema, "Ah wapi, yule bado mtoto, bado sana." Watu wakadhani ni adabu. Adabu gani! Mtu alikuwa anasema yaliyomo moyoni mwake, na hakuna hata mmoja aliyemsikia.

Niseme mapema, maana sipendi kuzungushana. Norimichi alikuwa anamwonea wivu mtoto wake wa kumzaa. Wala si wivu wa kutaniana mezani. Ulikuwa wivu wa kumkaba mtu koo, unaoamka naye asubuhi na kunywa naye supu.

Miaka thelathini nyuma, yeye mwenyewe alicheza besiboli katika Sekondari ya Orikawa, chini ya kocha yuleyule, Mwalimu Iwabuchi, ambaye siku hizo alikuwa bado na nywele. Alikuwa mrushaji, yule anayemtupia mpinzani mpira wa kupiga. Yaani alitaka kuwa mrushaji. Mrushaji hasa alikuwa Onodera, kijana mrefu, mtoto wa mwenye duka la pombe ya mchele, na Norimichi kazi yake ikawa kuwarushia wenzake wakati wa mazoezi ya kupiga. Alirusha mipira mia mbili kwa siku, miaka mitatu, jua na theluji, ili wengine wapate kuipiga. Kisha ukafika mwezi wa sita wa mwaka wa mwisho, siku ya kugawa namba za mgongoni kwa mashindano ya kiangazi. Namba ni ishirini tu, na moja ni ya mrushaji mkuu. Mwalimu aliita majina ishirini, na kila aliyeitwa alijibu "Naam!" kwa sauti ya kupasua anga, akaenda mbele, akapokea kitambaa cheupe kwa mikono miwili. Tsukuda hakuitwa. Namba ishirini alipewa mtoto wa mwaka wa pili aliyekuwa hajaanza hata kuota ndevu. Kiangazi kile Norimichi alikaa jukwaani na wenzake wasio na namba, akapiga ngoma.

Baadaye akarithi karakana ya baba yake, akaoa, akapata mtoto mmoja, na mtoto alipotimiza miaka mitano akamnunulia glavu.

Hapo sasa. Ni yeye mwenyewe aliyemfundisha. Kila jioni walishuka mpaka kando ya mto, baba huku, mwana kule, wakirushiana mpira hadi mama mtu, Mitsue, apige kelele kwamba wali unapoa. "Kiwiko juu! Juu zaidi! Usirushe kama unamfukuza kuku!" Mtoto akashika. Alipofika miaka kumi na tano mpira wake ulianza kuuma kiganja cha baba hata kupitia glavu. Norimichi akanunua glavu nene zaidi, akasema ile ya zamani imechakaa.

Takuto alipokuwa mwaka wa pili wa sekondari, jioni moja, mpira ulikuja na Norimichi hakuuona. Kweli, hakuuona! Aliona mkono wa mtoto ukishuka, kisha akahisi kishindo begani na akajikuta amekaa kwenye majani. Takuto alikuja mbio, kofia imemtoka, uso umembadilika.

"Baba! Pole, Baba! Umeumia?"

"Sijaumia. Jua liliniingia machoni."

"Pole sana. Na nilirusha polepole kabisa..."

Maskini ya Mungu, alisema kwa wema. Lakini neno lile, polepole kabisa, lilimwingia Norimichi kuliko mpira. Alirudi nyumbani akala, na tangu siku hiyo akawa na kazi nyingi sana jioni. Mara mikeka ya hekalu, mara mikeka ya nyumba ya wageni, mara mgongo. Takuto hakuuliza. Alianza kurusha peke yake, akilenga ukuta wa ghala la nyuma, na kule karakanani baba alisikia kila kishindo: pu, pu, pu. Alisikia jinsi vishindo vilivyozidi kuwa vizito mwezi hadi mwezi, akauma meno.

"Kamtazame basi mtoto," Mitsue alimwambia. "Anakuonyesha wewe, huelewi?"

"Ananionyesha nini? Ukuta unatosha."

"Mwanaume wewe una neno rohoni."

"Sina neno. Nina mikeka kumi na minane."

Mwaka wa tatu ukafika, ndio mwaka wa mwisho. Mwezi wa sita, Jumamosi moja asubuhi, wazazi waliitwa uwanjani wakasimama nyuma ya watoto kushuhudia namba zikigawiwa. Akina mama walivaa kofia nyeupe za chama cha wazazi. Onodera alikuwepo, amenenepa siku hizi, mwenye duka la pombe kama baba yake, kwa sababu mwanawe Shungo naye alikuwa mrushaji. Mwalimu Iwabuchi, miaka sabini, upara unang'aa jasho, alishika karatasi mbali na macho yake.

"Namba moja. Tsukuda!"

"Naam!"

Sauti zilitoka mbili. Moja ilitoka mbele, ya Takuto. Nyingine ilitoka nyuma kwa wazazi, nene, ya mtu mzima, na mwenye nayo alikuwa amebana mikono mapajani na kunyoosha mgongo kama kuruta.

Loo! Akina mama wakaanza kucheka, wakajiziba midomo, wakashindwa. Onodera alimpiga Norimichi mgongoni mpaka kofia ikamshuka puani.

"Baba Takuto! Umechelewa miaka thelathini, ndugu yangu!"

Uwanja mzima ukavunjika mbavu, hata Mwalimu Iwabuchi akakohoa kuficha kicheko. Norimichi naye akacheka, angefanyaje? Alijikaza kisabuni, akacheka kuliko wote, masikio yakimwaka moto. Lakini Takuto hakucheka. Aligeuka akamwangalia baba yake mara moja, akageuka tena akaenda kupokea kitambaa chake kwa mikono miwili. Yale macho Norimichi aliyajua. Yalikuwa macho ya huruma. Na hakuna kinachomchoma mtu mwenye wivu kama kuhurumiwa na yule anayemwonea.

Desturi ya pale kwetu ni mama kuishona namba kwenye jezi. Jambo hilo halina mjadala, akina mama hulisubiri miaka mitatu, wengine hulia juu ya sindano. Lakini mwezi wa sita ni msimu wa matunda ya cheri, na Mitsue alikuwa anapanga cheri kwenye maboksi katika banda la ushirika tangu alfajiri mpaka jioni, vidole vimemvimba.

"Niachie mimi," Norimichi alisema. "Fundi ni nani humu ndani?"

"Wewe unashona mikeka, Baba Takuto. Ile ni jezi."

"Uzi ni uzi."

Mitsue alimtazama kwa muda, akaona pengine ni dalili njema, pengine neno lile rohoni linataka kutoka. Akampa kitambaa. "Ukikipinda, wewe na mimi tutaonana wabaya."

Basi Jumapili mchana, karakanani, katikati ya harufu ya majani makavu, Norimichi alimwambia mtoto avae jezi asimame mbele ya mlango wa kioo, ili baba apime namba ikae wapi. Mlango ule ulikuwa wa duka, mkubwa, na nje kulikuwa na kivuli cha nyumba ya jirani, kwa hiyo ulionyesha mtu kama kioo cha kinyozi. Norimichi alisimama nyuma ya mwanawe, pini mdomoni. Mabega ya mtoto yalikuwa yamempita kimo. Alikibandika kitambaa mgongoni, akarudi hatua mbili kutazama.

"Simama sawa. Mikono chini. Inyooshe."

Takuto akanyoosha.

Sasa, fundi mikeka hatumii rula kila mara. Jicho lake linaona unyuzi. Mkeka ukipungua upana wa ukucha, anajua kabla hajaugusa. Norimichi aliona mikono miwili ya mwanawe ikining'inia, na ule wa kulia ulikuwa mfupi. Haukuwa mfupi hasa, ila haukunyooka. Kiwiko kilibaki kimepinda kidogo, na ncha ya vidole ikaishia upana wa vidole viwili juu ya ule wa kushoto.

"Nyoosha wa kulia."

"Nimeshanyoosha."

Akaelewa. Aliwaona warushaji wengi maishani mwake, alijua kiwiko kisichonyooka maana yake nini. Na kabla hajafikiri neno lolote, kabla hajasema maskini mwanangu, kuna kitu kilipanda kifuani mwake, chepesi, kitamu, kikafika mpaka mdomoni. Alifurahi. Jamani, mtu huyu alifurahi! Ilikuwa kufumba na kufumbua, kama chafya, ikapita. Nyuma yake ikaja baridi iliyomfanya azitoe pini mdomoni, asije akazimeza.

Alimgeuza mtoto, akashika kile kiwiko. Kilikuwa cha moto.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano. Kimekaza tu."

"Kinauma?"

"Kidogo."

"Kidogo gani?"

Takuto alitazama sakafu, kichwa chake kilichonyolewa kinang'aa jasho. "Baba, usimwambie Mwalimu. Ni kiangazi hiki tu. Kikiisha, hata mkono ukatwe sijali."

"Usiseme upuuzi."

"Usimwambie, tafadhali. Wewe unajua namba ni nini."

Ndiyo, alijua. Norimichi aliishona namba moja siku ile kwa mkono, kwa uzi mweupe, mishono midogo iliyolingana, na ilikaa sawa kuliko namba zote za timu. Akina mama waliisifu wiki nzima.

Majina ya wachezaji wa mashindano yangeweza kubadilishwa mpaka Jumatano ya wiki ya pili. Zilibaki siku kumi. Kumwambia Mwalimu ilikuwa kazi ya dakika moja, ingawa chama cha wazazi kina sheria, na aliyeisoma kwa sauti kila mwezi wa nne alikuwa Norimichi mwenyewe, makamu mwenyekiti: mzazi hamsemeshi kocha habari za nani acheze na nani asicheze. Sheria nzuri, imezuia ugomvi mwingi. Norimichi alijificha nyuma yake siku tatu. Siku ya nne sheria ikamtoroka, maana Mwalimu Iwabuchi mwenyewe alimwita nyumbani kwake kubadilisha majani ya mikeka ya sebuleni.

Alipiga magoti pale, anang'oa pindo za zamani, na Mwalimu akakaa barazani na chai yake ya shayiri, akimwangalia.

"Tsukuda," alisema. Alimwita vile alivyomwita zamani, bila bwana wala baba fulani. "Wewe ulikuwa na bidii. Sijapata mtoto mwenye bidii kama wewe."

Norimichi aliacha kazi, akainama. "Asante, Mwalimu."

"Lakini bidii bila mkono ni bidii tu. Huyu wako ana mkono. Mungu humpa mmoja kwa miaka ishirini." Akanywa chai. "Mkono wake u mzima? Juzi naona kama anaukunja."

Swali likaanguka hapo mkekani, katikati yao. Haikuwa tena habari ya sheria, maana mzazi hakusema, ameulizwa. Na jibu lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi wa Norimichi, limevaa viatu, linataka kutoka mbio: huo mkono unaousifu umekwisha, Mwalimu, umeoza, mwite Shungo. Alitaka kulisema. Ee, alitaka mno! Hapo ndipo aliposhtuka. Aliisikia sauti ambayo ingelisema neno lile, na haikuwa sauti ya baba. Ilikuwa sauti ya yule kijana wa jukwaani mwenye ngoma, ambaye ameambiwa sasa hivi, kwa mara ya pili maishani, kwamba hana mkono.

Akaogopa. Akajiambia, nikisema sasa, nitakuwa nimemwua mwanangu kwa kijicho.

"Mzima, Mwalimu," akasema. "Ni mazoea yake tu."

"Vizuri," akasema mzee, akamalizia chai.

Norimichi aliendesha gari lake la mikeka kurudi nyumbani akijiona mtu mwema. Ndiyo, mwema! Ameushinda wivu, ameulinda mtima wa mtoto. Ndivyo tulivyo binadamu, tukiogopa kuwa wabaya twaweza kufanya jambo baya kuliko lile tuliloliogopa, kisha tukalala usingizi.

Hakulala sana, hata hivyo. Takuto alianza kushika vijiti vya chakula kwa mkono wa kushoto akisema anajifunza. Mitsue aliwawekea wali na matango na bilinganya zilizokatwakatwa juu yake, chakula cha siku za joto, akamtania, "Wewe sasa umekuwa mtoto wa miaka miwili, tazama unavyomwaga." Baba na mwana hawakuangaliana. Jumatano ikapita.

Mchezo wa kwanza walishinda. Takuto alirusha mwanzo mpaka mwisho, wapinzani wakapata pointi moja tu. Watu walimzunguka Norimichi jukwaani kama bwana harusi. Onodera alimshika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamelowa. "Wewe bwana, hata mimi wakati wangu sikuwa hivi. Sikuwa hata nusu yake." Hilo lilikuwa neno alilolingojea kwa miaka thelathini kutoka kinywa kile, na lilipokuja lilikuwa la mtu mwingine. Roho ikamuuma upya. Akatazama chini uwanjani, akamwona mtoto amesimama peke yake nyuma ya benchi, barafu imefungwa kiwikoni chini ya taulo, anacheka na wenzake.

Mchezo wa pili uliangukia siku ya joto kali, joto la kuchemsha ubongo. Mpaka mzunguko wa nne hakuna aliyeona kitu. Timu ya Orikawa ilikuwa inaongoza nne kwa mbili, ngoma zinalia, akina mama wanapitisha chupa za chai. Mzunguko wa tano mipira ya Takuto ilianza kupaa. Mmoja ulipita juu ya kichwa cha mdakaji. Watu wakasema, jua, jua. Norimichi peke yake hakutazama mpira. Alitazama mkono baada ya mpira kutoka. Ulikuwa unatetemeka, na mtoto aliubana ubavuni ili usionekane, akageuka kuwapa watu mgongo na ile namba yake iliyoshonwa sawasawa.

Mpira mwingine. Safari hii Takuto alikunja uso, mara moja tu, kama mtu aliyeng'atwa. Wapinzani wakapata pointi ya tatu.

"Anachoka kidogo mtoto," akasema Onodera.

"Hajachoka," akasema Norimichi, akasimama.

Alishuka ngazi za jukwaa akikanyaga watu miguu. Mitsue alimwita, hakusikia. Mzazi hafiki kwenye uzio ulio nyuma ya benchi, haijapata kutokea, na yeye ndiye msomaji wa sheria. Alifika. Alishika waya kwa mikono yote miwili. Hakujiuliza tena anayezungumza ni nani, baba au kijana wa ngoma. Na azungumze yeyote, potelea mbali.

"Mwalimu! Mtoe! Mkono umeharibika!"

Benchi zima liligeuka. Mwalimu Iwabuchi alimtazama bila kuelewa.

"Nilijua tangu mwezi wa sita. Uliniuliza, nikakudanganya. Mtoe, Mwalimu, nakuomba!"

Kocha wa sekondari haruhusiwi kutia mguu uwanjani, kwa hiyo mzee alimtuma mchezaji mmoja wa akiba akimbie na ujumbe mpaka kwa mrushaji. Kila mtu alimwona Takuto akitikisa kichwa kukataa. Akakataa mara ya pili. Kisha akatazama kwenye benchi, akamwona baba yake kwenye uzio, na akaacha kubisha. Alimkabidhi Shungo mpira kwa mkono wa kushoto, akainama mbele ya uwanja kama inavyopasa, akatoka mbio kurudi benchini, maana kutembea hairuhusiwi.

Shungo alirusha kama aliyepagawa. Walishinda nne kwa tatu. Mpigaji wa mwisho alipokosa mpira, Onodera alikaa chini akalia kwa sauti, na akina mama wakamwagia chai kichwani. Norimichi hakuyaona hayo. Alikuwa bado amesimama penye uzio, na macho yake hayakwenda uwanjani hata kidogo.

Hospitali ya mkoa iko dakika arobaini kutoka uwanjani. Daktari, kijana tu, aliwaonyesha picha na kuwaeleza kwa kalamu: kano imechanika, na kipande cha mfupa kimebanduka. Kupasuliwa, kisha mwaka mmoja bila kushika mpira. Angekuja mwezi mmoja kabla, alisema, ingekuwa habari nyingine. Mitsue alimgeukia mumewe, akamtazama kwa namna ambayo hajawahi kumtazama, akatoka kwenda kujaza fomu. Angemfokea, ingekuwa nafuu.

Baba na mwana wakabaki kwenye benchi la ukumbini. Takuto alikuwa bado na jezi yenye vumbi, mkono umefungwa kifuani.

"Umefurahi?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

Norimichi alikuwa na jibu la kibaba tayari. Akaliacha.

"Siku ile karakanani nilifurahi. Kwa kitambo kidogo sana. Leo hapana."

"Najua. Nilikuona kwenye kioo."

Norimichi akahisi benchi limemtoka chini.

"Jumatatu yake nilikwenda kwa Mwalimu kumwambia mwenyewe," Takuto akaendelea. "Nikafika mpaka mlangoni. Nikaukumbuka uso wako mle kiooni, ulivyocheka. Nikasema huyu baba simpi hiyo furaha. Nikarudi." Akafuta pua kwa bega. "Kila kikiuma nilikuwa nakuona wewe unacheka, narusha kwa nguvu zaidi."

Norimichi alitaka kumshika mtoto, akaogopa kuugusa ule mkono, akaishia kushika magoti yake mwenyewe. Muuguzi mmoja alipita na kigari, magurudumu yakilia. Walimwangalia wote wawili mpaka akapotea mwisho wa ukumbi.

"Keshokutwa nitakaa jukwaani," akasema Takuto. "Na wale wasio na namba. Wewe umeshakaa. Watu hufanya nini kule?"

Kila mwaka, kwenye mkutano wa wazazi, Norimichi ndiye aliyeombwa kuwatia moyo wale ambao watoto wao hawakuitwa. Alikuwa na hotuba yake nzuri kuhusu umoja. Aliifungua mdomoni, ikamnuka.

"Unapiga ngoma mpaka mikono ichubuke," akasema. "Unapiga kelele mpaka sauti ikauke. Na moyoni unaomba washindwe."

Takuto akageuza kichwa.

"Mwaka wangu tulitolewa mchezo wa pili," Norimichi akasema. "Mpira wa Onodera ulipigwa mbali, ukapita uzio. Nililia kuliko wenzangu wote. Watu wakanishika, wakasema tazama Tsukuda anavyoipenda timu. Sijamwambia mtu mpaka leo, hata mama yako hajui."

Mtoto akachezea uzi wa bendeji.

"Shungo alirusha vizuri leo," akasema mwishowe.

"Vizuri sana."

"Ule mpira wa mwisho, mimi nilikuwa naomba yule mpigaji wao aupige." Sauti ilimkatika. "Nilikuwa napiga makofi, Baba, na naomba aupige."

"Najua," akasema Norimichi. "Nilikuwa nakuangalia wewe."